Zamu ya maji ndo bima yetu, kanuni za mwaka wa ukame ziandikwe mapema

Mhariri, salaam na poleni na kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, najua nitaandika ndefu kidogo ila jambo lenyewe ndo lilivyo, ukilikata katikati halieleweki.

Mi ni mama mkulima wilaya ya Korogwe mkoani Tanga, nalima mpunga na nyanya na mahindi kidogo ya kula nyumbani, na kwenye kikundi chetu cha mfereji mi ndo naandika daftari la zamu, yani nani afungulie maji ya mfereji shambani kwake siku gani na saa ngapi. Nasoma sana habari za wakulima na hali ya hewa, kwenye gazeti na kwenye simu, na kila mara naona yanaongelewa mambo matatu tu, mbegu zinazovumilia ukame, mbolea ya ruzuku, na bima ya mazao. Yote mazuri, sina ugomvi nayo. Lakini zamu ya maji haiandikwi na mtu yeyote, wakati huku kwetu ukimuuliza mama yeyote aliyelima bondeni ni kitu gani kilimfanya asiuze mbuzi wake mwaka ule wa 2022 vuli ilipogoma, hatokutajia mbegu wala bima, atakwambia nilikuwa na zamu kwenye mfereji bas.

Huo mwaka watu wa Dar es Salaam wanaukumbuka kwa mgao wa maji, mto Ruvu ulipungua mpaka mabomba yakawa yanatoa siku na siku. Sisi tunaukumbuka kwa mambo mengine.

Wapo watakaoshangaa, Tanga na ukame wapi na wapi, si Lushoto kule baridi na kijani mwaka mzima, si Amani kule Muheza mvua inafika karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Kweli kabisa. Ila upepo unatoka baharini unapanda Usambara, mvua inamwagwa kule juu na upande wa mashariki, ukishuka kwetu huku magharibi, Mombo na bonde la Mkomazi, umeshabaki mkavu. Sisi tunakaa na vumbi huku tunayaangalia mawingu juu ya mlima. Bahati yetu ni kwamba mlima huohuo unatushushia mito, kwaiyo mvua iliyonyesha kwa wenzetu wa juu inatufikia mtoni hata kama kwetu halijadondoka tone. Bonde lote hili linaishi hivyo, na wazee waliokuja kabla yetu walilijua hilo ndo maana walichimba mifereji na ndiva, yale mabwawa madogo ya udongo, Upareni wanayo na Usambara yapo, maji yanajaa usiku watu wamelala asubuhi yanafunguliwa yakiwa na nguvu ya kufika shamba la mbali. Kijito kidogo ambacho mchana kingeishia njiani kwenye mchanga, kikilala ndani ya ndiva usiku kucha kinamwagilia eneo la maana.

Sasa niseme kwa nini nasema zamu ni bima.

Mkulima akiugua jirani atampalilia. Nyumba ikiungua kijiji kitachanga, ndugu wa mjini atatuma chochote. Shida ya mmoja ina watu wa kuibeba. Lakini mvua ikikata imekata kwa wote siku moja, kaka ambaye ungemkimbilia na yeye anatafuta pa kukimbilia. Hapo ndo unaona jinsi familia inavyoanguka, haianguki kwa mara moja, inaanguka kwa hatua na kila hatua ina maumivu yake. Kwanza anauza mbuzi. Jirani naye anauza. Siku ya mnada mbuzi wamejaa wanunuzi wachache, bei inaporomoka, afu hela hiyohiyo kidogo anaenda nayo kununua unga ambao umepanda kwa sababu mahindi hamna. Ameumia kwenye kuuza na ameumia kwenye kununua. VIKOBA, vile vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, navyo ndo usiseme, kila mtu anataka kukopa wiki hiyohiyo na hakuna anayerejesha, sanduku linabaki tupu. Anaenda kwenye mikopo ya simu. Ikiisha hiyo wanakula mbegu. Mvua za msimu unaofuata zikija, na zinakuja nzuri tu, yeye hana mbegu, anachukua hela kwa dalali kwa makubaliano kwamba mavuno yatakuwa ya dalali kwa bei aliyotaja dalali, yani mwaka mzuri wa watu wengine yeye anautumia kulipa mwaka mbaya.

Na kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwa macho na mi naiona ndo kubwa kuliko zote. Mtu akishaona cha mtema kuni namna hiyo mara moja, hata miaka ya mvua nzuri anaogopa. Hanunui mbolea hata ikiwa na ruzuku, manake anafikiria nikiweka hela yangu humu na mvua ikakata nitakuwa nimepoteza mara mbili. Anapanda kidogo, anapanda mbegu ya zamani, hajaribu zao jipya. Maafisa wanakuja wanasema wakulima hawataki kubadilika. Jamani, anataka sana, ila hana cha kumshika akianguka.

Mtu mwenye zamu ya maji mambo yake yanaenda tofauti, na sio kwamba maji yanamfanya tajiri, hapana. Chukua mahindi. Mahindi yakiwa yanatoa mbelewele yakipigwa na jua la wiki mbili bila maji, hata mvua ikirudi baadae ikanyesha mpaka ikachosha, utavuna magunzi. Lakini ukiyapa maji mara moja au mbili pale katikati yanavuka. Mara moja au mbili tu! Sio umwagiliaji wa msimu mzima, ni ile siku yenyewe inayotakiwa. Mpunga hivyohivyo, mwenye maji anaanza kitalu mapema kabla mvua hazijakaa sawa, mvua zikija miche iko tayari, zikichelewa hajapoteza mbegu zote shambani. Na kiangazi anakuwa na kipande cha mchicha, bamia, nyanya, hela za daftari za watoto na sabuni zinatoka hapo bila kugusa mahindi ya ghala.

Halafu maji yanafanya kitu ambacho sijawahi kusikia kikisemwa. Wote tukitegemea mvua, wote tunavuna pamoja na tunakosa pamoja. Tukiwa na mfereji, mwenzangu anavuna nyanya mwezi huu mi navuna vitunguu mwezi ujao, yule mwingine mpunga wake bado uko kwenye majaruba, kwaiyo hela inaingia kijijini kwa nyakati tofauti na VIKOBA vinapumua, leo nakukopesha kesho unanikopesha. Ule uwezo wa kusaidiana ambao ukame unauua, maji yanaurudisha.

Najua kuna watakaosema si kila mtu anunue pampu yake amalize, zamu za nini, kugombana kwa nini. Mhariri hili ndo lilinifanya nikae chini niandike maana linaenea kwa kasi. Pampu kweli zimeshuka bei, na hizi za sola hazinywi mafuta kabisa, na mi sizichukii, mtu ana kisima chake na anamwagilia bustani yake mungu ambariki. Lakini pampu haitengenezi maji. Mto ni uleule. Ya petroli angalau mtu alikuwa anaizima akiona mafuta yanaisha, ya sola inavuta toka asubuhi jua likitoka mpaka linazama na haimgharimu kitu, hata shamba likishashiba, na mwenye pampu yuko juu na sisi wengine tuko chini. Mwaka wa maji mengi hakuna anayehisi. Mwaka wa ukame wa kwanza anayekauka ni yule wa chini ambaye ndo hana hela ya pampu. Kwaiyo pampu ya mtu mmoja mmoja inapunguza hatari ya mwenye nayo kwa kuisukuma kwa asiye nayo. Mfereji wa pamoja wenye utaratibu ndo unaigawa ile hatari kila mtu akabeba kiasi.

Nimesema wenye utaratibu. Mfereji peke yake hautoshi na 2022 tuliliona hilo kwetu kwa macho yetu.

Banio letu, yani ule ukuta wa mtoni unaogeuza maji yaingie mferejini, ni la zege, limejengwa vizuri, linagawa maji mifereji miwili na kila mfereji una matawi yake. Zamu ilikuwepo, kila tawi na siku yake, kila shamba na saa zake, daftari linaandikwa. Miaka ya kawaida inaenda bila shida kubwa, ugomvi mdogo mdogo wa kawaida, nani kafungua kabla ya saa, nani kaweka kiroba cha mchanga kwenye tawi la mwenzake. Ila kanuni yetu ilikuwa ya miaka ya kawaida tu, haikusema lolote kuhusu maji yakishuka nusu. Maji yaliposhuka zamu iliendelea vilevile kwenye daftari, saa zilezile, lakini saa moja ya maji kidogo ukiwa juu karibu na banio sio sawa na saa moja ya maji kidogo ukiwa mwisho wa mfereji, kwa sababu nusu yananywewa na udongo njiani hayajafika. Wa juu walimwagilia wakaona mbona tunafuata utaratibu. Wa chini walipewa saa zao wakapata matope. Majaruba ya kule chini yalipasuka nyufa za kuingia kiganja cha mkono na mpunga ulikuwa tayari umeshika mimba. Watu walianza kulala kwenye banio na mapanga. Kiongozi mmoja alipoitwa kusuluhisha alisema hilo ni swala la mvua sio la kwake. Na hakuna aliyevunja sheria, hilo ndo lililokuwa linauma, kila mtu alikuwa na haki kwenye daftari na bado nusu ya watu walikosa kila kitu wakati nusu nyingine wamevuna karibu kama kawaida.

Hapo ndo pa kujifunza. Ukame ukishafika hamuwezi kukaa mkatunga kanuni, kila mmoja anaangalia jaruba lake, mwenye maji hataki kuachia na asiye nayo ana hasira. Kanuni ya ukame inatungwa masika, mito imejaa, hakuna anayejua mwaka ujao ataathirika nani. Sisi tulikaa baada ya zile mvua nyingi za El Niño za 2023 kuingia 2024, watu wana matumaini na roho zimetulia, ndo tukakubaliana. Tulichora alama ya rangi nyekundu kwenye ukuta wa banio. Maji yakishuka chini ya ile alama, utaratibu wa kawaida unasimama hapohapo bila kuitisha kikao na bila kumuuliza mtu. Zamu inaanzia mwisho wa mfereji kuja juu, sio juu kwenda chini. Na kila mtu anapunguza eneo, mwenye eka mbili na mwenye robo eka wote wanapunguza kwa kiwango kimoja, na yule ambaye shamba lake liko mbali kabisa ambako maji hayawezi kufika anapewa kipande cha kupanda mboga kwa mwenzake aliye karibu na banio mpaka msimu uishe. Hili la mwisho lilileta kelele sana. Mzee mmoja alisema shamba la baba yangu sigawi. Tulikaa mpaka jioni. Lililomlainisha ni mwenzake kumuuliza hivi banio likibomoka wa kulijenga ni nani, wewe peke yako? Manake kila mwaka tunachimba tope pamoja, wa chini wanachimba mpaka sehemu za wa juu, wakikata tamaa wakaacha kuja msaragambo, hiyo kazi ya pamoja, mfereji wote unakufa.

Baadae mwanangu aliye chuo akanionyesha kwamba Sri Lanka wakulima wa mpunga wanayo hiyohiyo kwa muda mrefu sana na inaitwa bethma, bwawa likiwa na maji kidogo wanaacha mashamba ya mbali na wote wanagawana ardhi iliyo karibu na bwawa kwa msimu huo mmoja, msimu ukiisha kila mtu anarudi kwake. Nilifurahi sana, nikajua hatukuwa tumetunga kitu cha ajabu. Na yule mama wa Marekani, Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alifatilia mambo haya miaka mingi. Nepal aliona mifereji inayosimamiwa na wakulima wenyewe mara nyingi inafikisha maji kwa watu wa mwisho vizuri kuliko ile ya serikali iliyojengwa kwa zege na mitambo, na sababu ni kwamba kule kwa wakulima anayelinda ni mtumiaji mwenyewe, faini inaanza ndogo inapanda mtu akirudia, na wa juu anajua anamhitaji wa chini. Hayo yote ukimweleza mzee wa ndiva kule Usambara atakwambia mbona hata sisi.

Kiangazi kilichofuata maji yalishuka chini ya rangi. Siwezi kusema hakukuwa na maneno, yalikuwepo. Ila hakuna aliyelala banioni na panga. Mavuno yalikuwa madogo kwa kila mtu na hakuna aliyetoka mikono mitupu, na hiyo tofauti kati ya kidogo na sifuri mhariri mtu ambaye hajawahi kupata sifuri hawezi kuielewa. Kidogo kinakufikisha. Sifuri inakupeleka kwa dalali.

Kuna watu ambao bado wanaachwa nje hata kwenye utaratibu mzuri, na hapa naongea kama mwanamke. Zamu inaandikwa kwa jina la mwenye shamba na mwenye shamba kwenye daftari nyingi ni baba. Baba yuko Tanga mjini anabeba mizigo, mama ndo yuko shambani lakini kikaoni hana kura, akifariki yule baba ndugu zake wanakuja na shamba na zamu yake. Tena zamu za usiku wanapewa wanyonge. Mama anaamka saa nane usiku peke yake na tochi ya simu anafata maji bondeni, nyoka wapo, watu wabaya wapo. Kwetu tulibadilisha, mama anayelea familia peke yake na wazee wanapata zamu za mchana, na jina linaloandikwa ni la anayelima. Hili halina gharama hata shilingi moja na vikundi vingi havijafanya.

Wenye mashamba ya kukodi ndo hatujamalizana nao. Mtu kakodi msimu mmoja, maji yakishuka apunguze eneo sawa na wengine wakati kodi kalipa yote? Na mwenye shamba yuko mjini hashiki jembe ila zamu anaidai. Tunaendelea kubishana.

Naomba nigusie na serikali, kwa heshima. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inaruhusu kabisa watumiaji kuunda Jumuiya ya Watumia Maji, wakagawana maji wenyewe, wakasuluhisha migogoro, wakawa na kibali cha kutumia maji kwa pamoja. Sisi tuko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani ambayo ipo toka 1991. Tatizo ni kwamba vikundi vingi vya mifereji ya asili vinatumia maji toka enzi za mababu na karatasi hawana, na mtu asiye na karatasi siku ya mgogoro mkubwa hana mbele wala nyuma. Na migogoro mikubwa ipo, kwa sababu mto Pangani unatoka Kilimanjaro na Meru unapita bwawa la Nyumba ya Mungu unakuja kwetu, na kila mtu anautaka. Hale kuna kituo cha umeme wa maji kilichojengwa cha megawati 21 toka 1964, kituo kipya cha Pangani ni megawati 68 toka 1995, kuna mashamba makubwa, kuna miji. Na kule mwisho kabisa Pangani mjini maji ya mto yakipungua maji ya chumvi ya bahari yanapanda mtoni, minazi na mashamba ya kando ya mto yanaharibika. Wale ndo mwisho wa mfereji wa bonde zima. Sisi tukilalamika kwa wenzetu wa juu tukumbuke na sisi kuna watu chini yetu, na hiki tulichofanya kwenye banio letu dogo, kupunguza wote kwa kiwango kimoja maji yakishuka, natamani kingekuwepo kwenye bonde zima na kijulikane mapema, sio mtu anaamka anasikia mfereji wake umefungwa.

Wenzetu wa Tanga mjini wanategemea mto Zigi na bwawa la Mabayani, na mamlaka yao ya maji mwaka 2024 iliuza hatifungani ya kijani, yani ilikopa kwa wawekezaji, ya shilingi bilioni 53.12 ili kuboresha huduma. Nawapongeza kutoka moyoni, mji nao usikae bila maji. Ila maji hayo yanatoka kwenye msitu na kwenye mashamba ya watu wa Amani na Muheza, na sheria ya mazingira ya 2004 inamtaka mkulima akae mita 60 kutoka kingo za mto. Ni sawa, kingo zikilimwa mto unajaa tope. Lakini yule ambaye shamba lake lote liko ndani ya hizo mita 60 amepoteza bima yake ili wa mjini apate ya kwake, kwaiyo hela ikipatikana ya maji sehemu yake imfikie huyo, kwa miche ya miti inayompa kipato, kwa tenki, kwa mfereji mdogo wa kumtoa kando ya mto.

Mi sisemi maji ya pamoja yanatibu kila kitu. Nyanya zikiivia wote wiki moja bei inaanguka mpaka tunazimwaga, maji hayajatusaidia hapo, tumejifunza kupangiana nani apande lini. Mpunga ni kinyume chake, huo lazima tupande pamoja, ukipanda peke yako kwelea kwelea wote wa bonde wanahamia kwako, tukipanda pamoja wanagawanyika. Mafuriko nayo yakija yanachukua banio na viroba vyake. Na ukame wa miaka mitatu mfululizo hata mto unachoka, hapo ndo hiyo bima ya mazao itafutiwe nafasi yake, kwa ile hatari ambayo kikundi hakiwezi kuibeba chenyewe.

Ombi langu kwa halmashauri na Tume ya Taifa ya Umwagiliaji na Bodi ya bonde ni moja, kabla hamjamwaga zege la banio jipya popote mkoani Tanga waulizeni wakulima karatasi yao ya mwaka wa ukame iko wapi, maji yakishuka nani anapunguza, kwa kiasi gani, nani anaanza, nani anatamka. Kama hawana wapeni muda na mtu wa kuwasaidia waiandike, na kibali kitoke pamoja na ramani ya ujenzi sio miaka baadae.

Na kama kuna vikundi Lushoto, Mkinga, Handeni, au hata wenzetu wa Bagamoyo kwenye Ruvu na Wami wana utaratibu wao, nawaomba wakuandikie na wewe mhariri uutoe. Sisi tunataka kujua hasa hili la mashamba ya kukodi wenzetu wamelimalizaje, maana kikao cha kupanga kiangazi tunakaa mara tu masika yakiisha na mpaka sasa hatuna jibu.

Mama mkulima,
Korogwe, Tanga